Kicheko cha Kiziwi

Aliyekuwa akipanga filamu kwenye televisheni yetu miaka ile, sijui alikuwa akipangaje. Mie nadhani alikuwa akifumba macho, akitia mkono kwenye sanduku, akitoa chochote kilichomgusa vidole. Saa tisa Kurani. Baada ya Kurani, sheikh anatufundisha kutawadha kwa maji machache. Baada ya sheikh, bwana wa kilimo amesimama chini ya mtende, anatuonyesha kidudu kinachonyonya majani, anakigeuza huku na huku utadhani anakiuza. Halafu, bila ya kuomba radhi, bila hata ya kukohoa, filamu: theluji mpaka magotini, watu na makoti ya manyoya, wanateleza mlimani na vijiti viwili. Hapo ni Ibra, Uarabuni, mwezi wa sita, maji ya tangi juu ya paa yanaunguza mkono, na sisi tumekaa mbele ya feni tunamuonea huruma mzungu aliyepotea kwenye baridi.

Siku nyengine polisi wa Amerika wanafukuzana na magari, wanaruka madaraja, wanavunja vioo vya maduka. Mji wetu ulikuwa na mzunguko mmoja tu, na hapo gari husimama kumsubiri mbuzi apite kwa raha zake. Na kulikuwa na mtu mwengine huko kwenye stesheni, huyu kazi yake mikasi. Bwana na bibi wakikaribiana tu, mara bwana yuko juu ya farasi, anakwenda mbio. Walikaribiana kwa nini, farasi katoka wapi, hakuna wa kukwambia. Nilikuwa mkubwa mie ndipo nilipojua kwamba mapenzi ya kizungu hayana farasi ndani yake.

Katika nyumba yetu mpenzi mkubwa wa filamu hizo alikuwa bibi yangu, mama yake baba, na sababu yenyewe ni kwamba bibi alikuwa kiziwi. Ngoja niseme vizuri. Bibi alikuwa akisikia kuliko paka. Ukifungua kopo la sukari jikoni, yeye yuko chumbani anakuuliza unatafuta nini. Alikuwa kiziwi kwa amri ya baba.

Ilikuwa hivi. Unguja nilitoka nikiwa bado nabebwa, tukakaa miaka kumi Dasalama, na katikati ya miaka ya sabini tukafika Ibra, tumerudi kwetu kwa mababu, ndivyo tulivyoambiwa. Baba alipata kazi serikalini, akapewa meza, mhuri na kiti cha kuzunguka. Wiki ya kwanza wanawake wa mtaani wakaja na kahawa na tende kutusalimia, adabu zao. Bibi akavaa leso yake mpya, akawapokea mlangoni: "Karibuni wanangu, karibuni ndani, hamjambo?" Wanawake wakatazamana. Mmoja akamgeukia mama, akamuuliza kwa Kiarabu, bila ubaya wowote, huyu yaya mmekuja naye kutoka huko?

Bibi Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu. Lakini jicho halihitaji kutafsiriwa.

Baba alipohadithiwa alibadilika rangi. Asubuhi yake, msikitini, aliwaambia majirani kwamba mama yake hasikii, maskini, tangu zamani, kwa hivyo wake zao wasimchoshe kwa kumsemesha. Akarudi nyumbani akatutangazia na sisi. Kiswahili mwisho. Nje ya nyumba kisisikike, ndani ya nyumba kisisikike akiwepo mgeni, na kwa kuwa mgeni hana miadi, bora kisisikike kabisa.

"Haya," bibi alisema. "Nimezaa, nimelea, nimezika mume, nimevuka bahari, na sasa nimetiwa uziwi. Alhamdulillahi, maadam si upofu."

Basi akawekwa mbele ya televisheni. Kiziwi kutazama picha hakatazwi. Na mbele ya filamu ya kizungu mtaa mzima tulikuwa viziwi, kila mtu anasoma Kiarabu kilichoandikwa chini, na asiyejua kusoma anabuni. Bibi alikuwa akibuni vizuri kuliko walioandika. Akinihadithia jikoni filamu aliyoiona, nilikuwa naipenda kuliko nilivyoiona kwa macho yangu.

Jikoni ndipo tulipokuwa tukisema, mimi na yeye, kwa kunong'ona, bomba la maji tumelifungua lifunike sauti. Siku moja baba alileta nazi za Salala na bibi akataka kupika wali. Alikuna, akakamua, akanyoosha mkono nyuma bila ya kutazama. "Nipe hicho..." Mkono umebaki hewani.

"Nini, bibi?"

"Kile cha ukili. Cha kuchujia tui. Kwetu kilikuwa kikining'inia nyuma ya mlango." Akajipiga paji la uso. "Yarabi, kinaitwaje kile?"

Mie ningejuaje? Sisi tulikuwa tukichujia chujio la chai. Alikitafuta kutwa nzima. Jioni baba alipokuja kunywa maji jikoni, bibi akamuuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kile cha kuchujia tui tulikuwa tukikiita nani?" Baba alitazama mlangoni kwanza, kama kuna askari. Akajibu kwa Kiarabu kwamba hajui, akaweka gilasi, akatoka.

Bibi alilia siku ile, na si mtu wa kulia. "Maneno yananitoka kama meno," aliniambia. "Moja moja. Mie kufa siogopi. Naogopa siku nitakayopata mtu wa kusema naye, nitakuta sina la kusema."

Nilimwambia maneno hayapotei. Nilikuwa namdanganya. Mie mwenyewe Kiswahili changu kilikuwa tayari kina matobo, na kila tobo nimelitia kiraka cha Kiarabu.

Nikatimia miaka ishirini na mbili, na katika mji wetu miaka ishirini na mbili bila mume ni sawasawa na maradhi, watu wanakuulizia hali kwa upole. Ndipo ilipokuja posa. Posa kubwa. Ukoo ambao, kwa maelezo yao wenyewe, haukuwahi kutoka Ibra tangu Ibra kuwepo. Wengine wote walikwenda Afrika kuhangaika, wao walibaki na mitende yao na falaji, mfereji wao wa kuinyweshea. Kijana alikuwa akifanya kazi Nizwa. Nilikuwa nimemuona mara mbili, mara ya pili makusudi. Nilimtaka, sitasema uongo. Alikuwa na meno mazuri na akicheka hajifichi.

Mama yake angekuja Alkhamisi alasiri kunitazama, pamoja na bibi mzaa baba wa huyo kijana. Huyo bibi alikuwa mashuhuri kwa kutosema. Anaitikia salamu, anashukuru kahawa, basi, na hayo machache kwa sauti ya chini nyuma ya barakoa. Watu walisema ni maringo ya ukoo bora. Mama yangu siku tatu hakulala kwa kumwogopa.

Baba alipanga mambo yote kama kikao cha wizara. Halwa ya Nizwa, tende za fardhi, zile bora, bibi akae pembeni. "Na televisheni iwashwe," alisema. "Kwa sauti. Watu wakikosa la kusema, watatazama. Mama naye atatazama, hakuna atakayemshughulikia." Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni wanawake watupu, angekaa ukumbini nyuma ya pazia, kuusimamia uziwi.

Wakaja. Mama mtu alinikagua kuanzia kisigino. Bibi mtu alikaa mkabala na bibi yangu, barakoa inang'aa, mikono juu ya mkongojo. Bibi yangu alifundishwa kutabasamu, akatabasamu. Bwana wa kilimo alikuwa anamalizia kidudu chake. Mama alimimina kahawa, tukaulizana habari za afya mara nne, tukaishiwa.

Hapo filamu ikaanza. Na Mola hakosi, mwenye mikono ya sandukuni siku ile alitoa ya msituni.

Mzungu na kofia ngumu na suruali ya kaki anamtafuta ndugu yake aliyepotea mlimani. Nyuma yake wapagazi kumi na mbili, masanduku vichwani. Tumekaa kwenye busati, tunakula halwa, tunatazama migomba. Wakafika chini ya mlima, wapagazi wakatua mizigo wakakataa kwenda. Mzungu akafoka. Mkubwa wa wapagazi, mtu mzima, uso umejaa msiba, akanyoosha mkono kuelekea kileleni, akasema kwa sauti nzito:

"Jamani, suruali ya bwana imepasuka nyuma. Mtu asimwambie."

Kiswahili! Miaka kumi tumekifungia jikoni, leo kimeingia kwa mlango wa mbele, kwa sauti, kama baba alivyoagiza. Aliyetengeneza filamu nadhani aliwaambia wale watu semeni lolote kwa lugha yenu, nani atajua? Na chini ya picha, kwa Kiarabu fasaha, pameandikwa: "Roho za mababu zinatukataza kuupanda mlima huu."

"Maskini," mama mtu alisema, akatikisa kichwa kwa huzuni. Yeye alikuwa anajua kusoma.

Mpagazi wa pili akapiga goti, akainamisha kichwa. "Na anayetembea nyuma yake ni mie! Tangu asubuhi nimetazamishwa hayo. Kosa langu nini?"

"Tutaangamia sote," wakaandika chini.

Nilimtazama bibi. Alikuwa ameng'ata ncha ya mtandio wake, macho yamemtoka, mabega yanatikisika. Nikamuomba kwa macho, bibi yangu, nakuomba, uziwi wako. Mzungu akageuka kuutazama mlima, na wallahi suruali ilikuwa imepasuka kweli, kuanzia kiunoni mpaka huko.

Bibi akacheka. Kicheko hicho kilikuwa na miaka kumi ndani yake, kikatoka chote kwa mkupuo, mpaka kikombe kikamponyoka. Mama mtu akageuka, kahawa mkononi, anamtazama kiziwi anayewacheka watu wanaotaka kuangamia.

"Anacheka nguo zao," mama alisema haraka, kwa Kiarabu. "Nguo tu. Hasikii."

Kisha tukasikia kicheko cha pili. Kilikuwa chembamba, kimebanwa, kinatoka puani. Bibi mtu alikuwa ameegemea mkongojo, barakoa inacheza juu ya uso, machozi yanamchuruzika chini yake. Alijaribu kukohoa. Kikohozi hakikumdanganya mtu.

Na papo hapo filamu ikakatwa kwa adhana ya magharibi. Majira ya baridi jua linatua mapema. Tukanyamaza sote kwa heshima. Adhana ilipokwisha, badala ya kuturudishia wapagazi wetu, wakaweka picha ya maua ya waridi bila sauti. Televisheni iliyowashwa ili izibe kimya ilitugeuka. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nyuma ya pazia kiti cha baba kililia.

Bibi akafuta macho. Akamtazama yule bibi mwenzake, mkubwa kwake kwa miaka, na akasema polepole, kwa sauti yake halisi: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Lilimtoka kabla hajajua. Mtu aliyelelewa kwetu shikamoo haiwezi kumpita, hata umuamshe usingizini ataitikia. Alishika mdomo juu ya barakoa, lakini neno lilikuwa limeshafika.

"Amesema marhaba!" mkwewe, yule mama mtu, alirukia kwa Kiarabu. "Anawasalimia! Marhaba!"

"Naam, marhaba, marhaba!" mama alidaka.

"Marhaba," na mie nikatia.

Tukawa tunamarhabishana chumba kizima kama wehu. Lakini marhaba ya Kiarabu ina silabi tatu, na marahaba ya Unguja ina nne, na yule bibi alikuwa amezipiga zote nne, moja baada ya moja, kwa raha. Kila aliyekuwemo mle alizihesabu. Mkwewe alizihesabu kuliko wote, kwa sababu siri ya mtungi aijuaye kata.

Bibi hakumsikiliza mtu. "Mtaa gani Unguja?" aliuliza.

Bibi mtu alimtazama mkwewe, akayatazama maua ya waridi, akamtazama bibi. "Malindi," alisema. "Nimezaliwa hapo. Nimeletwa huku kuolewa, nina miaka kumi na sita."

"Alaa! Mie Kiponda!"

"Yallah," mkwewe alisema, ameshasimama, ameshashika buibui lake. "Tumechelewa sana."

Jibu lilikuja baada ya sala ya isha. Wamesali istikhara, kumuomba Mola awachagulie, na istikhara haikutoka vizuri. Sijui ni istikhara gani hiyo, labda waliisali ndani ya gari. Walichokiogopa tulikijua: nyumba ya watu ambao hawakuwahi kutoka ilikuwa na bibi wa Malindi, na mashahidi ni sisi.

Nililia mpaka mtandio ukalowa. Nilimkasirikia bibi, nasema kweli. Kucheka tu! Mtu hawezi kuzuia kucheka kwa ajili ya mjukuu wake? Baba alimwambia maneno mazito, kwa Kiarabu, ambayo bahati nzuri hakuyaelewa yote, kisha akaacha kumsemesha. Siku mbili na mimi sikumsemesha. Siku ya tatu nilikwenda jikoni, nikafungua bomba, nikasema, bibi, yamekwisha. Alinitazama tu. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.

Siku ya nne vilevile, na ya tano. Hakunijibu neno, hata la kunong'ona. Hapo hasira iliniisha na ikaingia hofu. Nikakumbuka alichosema juu ya meno.

Alkhamisi iliyofuata, alasiri, mlango uligongwa kwa mkongojo. Baba ndiye aliyefungua. Bibi wa Malindi alikuwa amesimama peke yake, barakoa na kila kitu.

Baba, kwa Kiarabu cha ofisini, akamwambia ametufurahisha kwa kututembelea, lakini kwa bahati mbaya mama yake, kama anavyojua, hasikii.

"Anacheka vizuri lakini," alijibu kwa Kiswahili. "Nipishe, mwanangu, jua kali."

Miaka kumi baba alikuwa hajasemeshwa Kiswahili mlangoni kwake. Alimpisha.

Akaingia, akavua viatu, akakaa ubavuni mwa bibi, sio mkabala. Akafungua barakoa akaiweka juu ya televisheni, penye kitambaa cha kufuma. Chini yake kulikuwa na uso wa kawaida kabisa wa kizee. Bibi akasema shikamoo, akaitikiwa, na baada ya hapo sikuweza kuwafuata. Walisema kwa pamoja, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Nani aliuza mandazi wapi. Harusi ya nani iliyonyeshewa. Nani alimkimbia mume na boksi la vyombo. Nikawapelekea chai ya tangawizi, wakainywa bila ya kuniona. Televisheni ilikuwa inaonyesha ile theluji tena, watu wanateleza, wanaanguka, hapana anayewatazama. Baba hakwenda kazini kwa kuwa Alkhamisi huko ni siku ya mapumziko, na hakwenda msikitini mapema kama desturi yake. Kiti chake kilikuwa ukumbini, nyuma ya pazia.

"Ehe, hebu nisaidie," bibi alisema. "Kile cha kuchujia tui, kinaitwaje?"

Mwenzake akaweka kikombe chini. "Kile cha ukili?"

"Hicho hicho."

"Kinaning'inia nyuma ya mlango."

"Basi si ndicho! Jina lake?"

"Ki..." Akapiga piga goti lake. "Ki... Loo. Kimenitoka."

Wakatazamana. Furaha yote ikawashuka usoni. Wazee wawili, mitaa miwili ya jirani, na baina yao neno dogo la jikoni hawana. Bibi akaanza kuvutavuta ncha ya mtandio. Nikaona midomo yake inajaribu, ki, ki, na haipati, nikatamani kulia kwa sababu sikuwa na la kumpa.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Kifumbu," pazia likasema.

Bibi hakugeuka. Alikaa wima, mikono mapajani. "Umesikia kitu, bibi?" alimuuliza mwenzake.

Yule bibi, mtoto wa mjini, alielewa palepale. "Mie? Sikusikia. Labda televisheni."

Pazia likavutwa. Baba alisimama na kanzu yake ya dishdasha iliyopigwa pasi, kofia kaishika mkononi. "Kifumbu, mama."

"Anasema nini huyu?" bibi alimuuliza mwenzake. "Mwambie mie sisikii. Ni kiziwi, mtaa mzima unajua."

Baba alikuja mpaka kwenye busati. Yule mtu wa mhuri na kiti cha kuzunguka alikaa chini na magoti yake yanalia, mbele ya miguu ya mama yake. Alikuwa na mvi, sikuwa nimeziona kabla ya siku ile.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Sisikii."

"Shikamoo, mama."

Bibi aliweka mkono nyuma ya sikio, akamuinamia. Baba alivuta pumzi, na mara ya tatu alipiga ukelele, madirisha yako wazi, mpaka jirani aliyekuwa akianua nguo upande wa pili wa ukuta akauliza kwa Kiarabu kuna nini huko.

"Marahaba, mwanangu," bibi alisema. "Lakini usinipigie kelele. Mie si kiziwi."